Chai ya Yasmini na Pua ya Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Kosa la wengi ni kuchagua chai ya yasmini kwa kutazama maua. Wakiyaona yametapakaa juu ya majani, basi, hiyo ndiyo yenyewe! Sivyo. Maua hulazwa na majani usiku kucha. Yakishatoa harufu, huchekechwa na kutupwa. Chai nzuri huenda isiwe na ua hata moja. Mke wangu ndiye aliyenifunza hayo, mimi niliyefundisha kemia miaka thelathini na moja. Duka lake la chai linasimama juu ya pua yake.

Leo maziwa yameungua jikoni. Moshi! Naye kasimama palepale, anaimba.

Jumanne, 4 Machi
Nimefanya jambo la aibu. Nimempa chai ya kijani tupu, isiyo na yasmini. Akanusa, akasema yasmini ya leo imetulia. Nikajificha nyuma ya gazeti.

Jumatano, 5 Machi
“Mwalimu, jana ulinitega.”
“Umejuaje, mama?”
“Ulinyamaza. Wewe, chai mkononi, unyamaze!”

Tumecheka. Kisha akalia kidogo. Tangu mafua ya mwezi uliopita hasikii harufu yoyote — si ya kitunguu, si ya sabuni. Daktari kasema anuse vitu vilevile asubuhi na jioni. Huenda pua ikarudi. Huenda. Na Ijumaa muuzaji wa jumla analeta makopo mawili, mke wangu achague chai ya kuuza mwaka mzima. “Akijua pua yangu imekufa,” anasema, “ataniletea makapi mpaka nife.”

Nikajitolea niwe pua yake.
“Pua hiyo? Hiyo ni ya kushikilia miwani tu.”

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi tangu asubuhi. Maji yakichemka, yaache dakika tano; yanayotokota huyaunguza majani, chai ikawa chungu. Kijiko kimoja kwa kikombe, dakika mbili, chuja. Kisha majani yaleyale mara ya pili, mara ya tatu. Hapo ndipo ukweli hujitenga: harufu ya manukato ya kupuliziwa hufa mapema, ya maua hudumu. Vikombe kumi na vinne. Nimekuwa mpangaji wa msalani.

Ijumaa, 7 Machi
Muuzaji kafika saa nne. Kopo la kwanza limejaa maua. Analisifu: “Mama, hii ni bustani nzima!” La pili ni majani makavu tu, kama ya kufagia uani. Mimi na mke wangu tulikubaliana: chai nzuri ikipita puani kwangu, nikohoe mara moja.

Kumimina maji mara ya kwanza, makopo yote mawili yananukia. Mara ya pili, bustani imekufa — maji ya moto tu. Nikajiandaa kukohoa. Lakini mke wangu alikuwa ameinamia kikombe cha kopo la pili, macho kafumba. Akaninong’oneza: kuna kitu, mbali, kama mtu anayeita kutoka nyumba ya jirani.

Ni kweli, au ni hamu tu? Kanituma jikoni niandae chai ya mara ya tatu. Muuzaji anachezea funguo za gari. Naandika nikisubiri maji. Nikikohoa, chai nzuri tutaipata. Lakini mke wangu hatajua kamwe kama ni pua yake iliyochagua.

Maji tayari. Peleka vikombe, mzee. Usikohoe.