Chupa Tatu za Mafuta

Mdogo wangu,

Huku tu wazima. Kikohozi cha mama kimepungua, na paa la jikoni halivuji tena.

Uliniandikia kwamba minazi imezeeka, nazi hazina mafuta, heri tuuze shamba. Baba mdogo, anayetukamulia kwa mashine yake, naye husema nazi thelathini hutoa chupa moja. Haikuniingia akilini, maana nazi ninazovunja jikoni zimenona. Juzi nilikuna thelathini, nikachemsha tui mpaka mafuta yakajitenga. Nikapata chupa tatu.

Nikampelekea. "Baba mdogo, mbili huwa zinakwenda wapi?"

Akainama. "Usinilaumu, mwanangu. Mdogo wako ndiye aliyeniambia niseme hivyo, mpate kukubali kuuza. Mafuta yanayobaki akasema nichukue mimi."

Sijui kama nimwamini yeye au wewe. Mama sijamwambia, bado anakuombea kila alfajiri. Njoo unieleze uso kwa uso. Hati ya shamba nimeitoa sandukuni, usimtume mtu kuitafuta.

Ni mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni.