Kabuti Mbili ya Baba

Lukafu, tarehe 19 mwezi wa sita 1951

Yaya Virginie, dada yangu mukubwa,

Nakusalimia, wewe na bwana yako na batoto bote kule Élisabethville. Huku kilimani baridi iko kali. Majani tulichoma mapema imeota tena, bang'ombe banashiba. Ule ng'ombe baba alimupatiaka jina yako amezaa jike.

Kabuti ulituma ilifika muzuri na kamyo ya mizigo ya bapadri. Imemutosha baba kabisa. Ile yake ya zamani, ya kupasuka mikono, navaa miye, sababu bila ile harufu ya baba bang'ombe habakubali kunifwata. Nilijaribu siku mbili na shati yangu. Balibakia kule juu, banaangalia njia.

Yaya, kabuti yako baba hakuivaa akiwa muzima. Kifua ilimushinda siku ya tatu ya kuugua, tulimuzika nayo siku ya ine. Unisamehe nilianza na majani.

Jioni nikishuka na bang'ombe, mama anaona ile kabuti inakuja, anasimama, anaweka kwa mulango maji ya moto ya baba ya kunawa. Kila siku. Nanawa tu.

Mudogo wako,
Adalbert