Vitabu Kumi na Vinne Vilivyopanda Mlimani

Mjukuu wangu Nakiete,

Vitabu kumi na vinne vya maktaba ya kwanza ya Same vilipotea msimu mmoja wa vuli, enzi za Mwingereza. Marahaba kwa shikamoo yako. Sisi wazima, na mama yako kavuna tangawizi. Umeniuliza kama ufunge maktaba yako ya mtaani, kwa kuwa watu hawarudishi vitabu.

Maktaba yetu ilikuwa kabati moja ofisini kwa karani wa serikali, vitabu arobaini tu. Karani akatangaza kabati litarudishwa Moshi lilikotoka. "Nyie watu wa mlimani mmevila!" alinifokea.

Mimi nilijifunza kusoma kwa kabati lile, hivyo nilipanda mlima siku mbili, nyumba kwa nyumba. "Nilimpa jirani," waliniambia, "naye kampa shemeji yake." Kumbe tuliazimana vitabu kama jembe: ukimaliza unampa anayefuata, na mwenye jembe hulifuata huko huko. Nilipata kumi na vitatu. Kimoja sijakiona hadi leo. Nilihesabu pia waliovisoma: hamsini na mmoja. Waliokuja kusoma ofisini walikuwa tisa.

Nilimwambia karani hesabu hizo. Akasema, "Haya, binti, kabati libaki." Sifa akapewa yeye, na hilo linaniuma mpaka kesho.

Wewe umeniandikia idadi ya vitabu vilivyopotea. Waliovisoma ni wangapi? Kawaulize, halafu jibu lako linifikie kabla ya Ijumaa saa sita mchana: unafunga, au hufungi?

Bibi yako