Maharage ya Moto

Kinyala, Tukuyu
2 Juni 2025

Mwanangu Anyitike,

Kabla hata sijakujulia hali, nikwambie kwamba wote wanaisimulia vibaya ile hadithi ya sufuria. Hao wenzako wa grupu la simu, wanaotengeneza kitabu cha miaka ishirini ya darasa lenu, hakuna hata mmoja anayeipatia. Ezron anasema sufuria liliangushwa na tetemeko la ardhi. Tetemeko gani linaangusha sufuria moja na kuacha vikombe mezani? Hellen anasema ulikuwa mgomo wa darasa zima. Hellen siku ile alikuwa bwenini anapiga pasi sketi ya mahafali. Aliyekuwepo ni mimi. Jiko lilikuwa langu, kuni zangu, hata moshi ulikuwa wangu.

Haya, sasa hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi tupo. Baridi ya mwezi huu inamtafuna mama yako magoti, ukungu unaingia mpaka kitandani. Mimi siumwi kitu ila uzee, na huo nao naona unaniogopa.

Barua hii anaichapa Mwanahalima, yule mama mwenye steshenari pale Msasani yetu ya Tukuyu. Mimi nasema, yeye anapiga mashine. Nikitia chumvi anacheka na mashine inasimama. Ukiona mahali pametulia, ujue hapo nimesema kweli, au yeye hakusikiliza.

Andika hivi. Mwaka 2005, kesho yake ni mahafali ya kidato cha sita. Mimi ndiye mpishi mkuu wa shule. Mkuu wa nani? Wa mimi mwenyewe, maana nilikuwa peke yangu. Midomo mia nne, na sufuria ambalo mtoto wa darasa la kwanza angeogelea. Darasani sikuingia, kisomo cha ngumbaru nilikaa majuma mawili nikakimbia, lakini kila mmoja wenu nilimjua kwa anavyoshika sahani. Prisca alificha maparachichi kwenye tranka yaive, akayasahau, bweni zima likahama kwa harufu. Ackson alikuwa analala paredi amesimama, macho wazi kama samaki, na mkuu wa shule akawa anamsifu kwa usikivu. Yaandike na hayo, mtacheka.

Maharage ya wiki ile yalikuwa na wadudu. Sibishi. Niliwaambia ni nyama ya bure, hamkucheka. Saa sita mchana mkaja jikoni kulalamika, wewe na rafiki yako Anyosisye, mmefuatana kama kawaida yenu, kama jozi ya viatu. Kuni mbichi, moshi umejaa, mtu haoni pua yake. Mimi nimechota makande na mwiko naonja, maharage ya moto yamenijaa mdomoni. Mara teke. Figa likatoka, sufuria likalala, makande yakatembea sakafuni kama siku ile mlima Rungwe ulivyotapika moto, kabla babu zetu hawajafika. Yakamkuta Mwalimu Abrahamu, mwalimu wa zamu, ndiyo kwanza anavuka mlango. Mguu wa kushoto mpaka kwenye ugoko. Palepale, amekaa chini, akaniuliza nani kapiga teke. Nikamjibu na maharage yangu mdomoni. Jioni Anyosisye akafukuzwa shule. Mtihani ulibaki wiki tatu.

Ndiyo hiyo. Hapo pa makande kutembea usipapunguze.

Anyosisye mwenyewe alikuja Jumamosi na maziwa, kama kila Jumamosi. Amesikia habari za kitabu. Kuna jambo aliniomba, nitakwambia barua nyingine, Mwanahalima anafunga.

Baba yako,
Ambindwile, mpishi mkuu


Dodoma
13 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Natumaini wewe na mama mnaendelea vizuri. Magoti yake asiyaache hivihivi, nitatuma dawa ya kuchua kwa basi la wiki ijayo. Sisi wote wazima, kazi tu ndizo zinabana.

Barua yako niliisoma kwa sauti hapa nyumbani, shemeji yangu akacheka mpaka akatoka nje. Kamati imeipokea kwa mikono miwili. Kwa kuwa mimi ndiye katibu, nimeambiwa niipange mwenyewe. Kitabu kinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa Agosti, halafu tarehe 20 Septemba tunakutana hapo shuleni na kukigawa. Kila mwanafunzi wa sasa atapewa nakala yake.

Nimeongeza sentensi moja tu. Wewe hukumtaja aliyepiga teke, na msomaji angechanganyikiwa, kwa hiyo nimeweka wazi kuwa ni Anyosisye. Pia wenzangu wameamua asialikwe kwa sababu hakumaliza na sisi. Nami nimeona afadhali, asije akajisikia vibaya mbele za watu. Naomba usimwambie.

Mwalimu Abrahamu amekubali kuja. Amestaafu, anatembelea fimbo, lakini atakuja.

Wasalimie wote.

Mwanao,
Anyitike


Kinyala, Tukuyu
24 Juni 2025

Mwanangu, ndugu katibu,

Marahaba. Dawa ya mama yako imefika, ndaga fijo, asante sana, amejipaka mpaka nyumba inanuka kama duka la Mhindi. Anatembea, na anagomba, kwa hiyo amepona. Mimi mzima. Ng'ombe mzima. Wewe ndiye nina wasiwasi na hali yako.

Umeongeza sentensi kwenye hadithi yangu. Jikoni kwangu hata chumvi sikuwa naruhusu mtu aguse, na wewe umekwenda kutia kitu ambacho mpishi hakukitia. Mwanahalima, ambaye ndiye alinisomea barua yako, aliuliza kwa nini sikumtaja mtu. Nikamwambia nilisahau. Hakucheka.

Sasa nikwambie alichoniomba Anyosisye. Unajua maisha yake. Anachuma chai za watu, ana ng'ombe wawili, ana binti mmoja anaitwa Elina, na huyo binti anasoma kidato cha tano, shule ileile. Wenzake wamesikia hadithi. Wanamwita Sufuria. Akiingia bwaloni wanagonga sahani. Baba yake alikaa hapa barazani kwangu, chupa ya maziwa katikati ya miguu, akasema, "Tata, baba yangu, mimi kwenye kitabu msiniandike. Kwa wema wala kwa ubaya. Nifuteni tu, mtoto asome."

Nilimpa ndizi za kupeleka nyumbani. Sikuwa na kingine.

Hapa nimemwambia Mwanahalima achape bila kunitazama. Asubuhi ya siku ile kamba ya kiatu chako cha kulia ilikatika. Ulikuja jikoni kwangu, nikakufungia na uzi wa gunia la maharage, ule wa katani, nikapiga mafundo mawili. Saa sita moshi ulificha nyuso, miguu haukuficha. Kiatu kilichopiga lile figa niliona uzi wangu juu yake.

Ndiyo. Nilijua, miaka yote. Na wewe ulijua, ila hukujua kwamba najua.

Mwalimu aliponiuliza nilitaja Anyitike. Lakini nilikuwa na maharage ya moto mdomoni, na mwalimu si mtu wa huku, kwake yeye kila Any ni Any. Nilisema Any, nikawa nahangaika kumeza, akamalizia mwenyewe, akamwambia kiranja aandike Anyosisye. Nilipomaliza kumeza, mwalimu ameshapakiwa kwenye gari la hospitali. Siku zilizofuata nilinyamaza. Huko kunyamaza ni kwangu, sikupi wewe. Lile jina lilikuwa kosa la sikio.

Basi, kalamu unayo wewe. Rekebisha.

Baba yako,
Ambindwile


Kinyala, Tukuyu
26 Julai 2025

Anyitike,

Tu wazima. Mwezi mzima simu inaita hupokei. Mama yako anadhani unaumwa, nimemwambia una kazi nyingi.

Elina amerudi nyumbani na tranka lake. Nimemwona akipita na baba yake, wamelishika huku na huku, kila mtu upande wake. Lilelile tranka la bluu ambalo Anyosisye alitoka nalo shuleni. Hakuna mzaha leo.

Baba yako


Dodoma
29 Agosti 2025

Baba, shikamoo.

Nisamehe kwa kunyamaza. Mwili ni mzima. Mama mwambie siumwi.

Barua yako ya Juni nimetembea nayo mfukoni mpaka imechanika kwenye mikunjo. Mke wangu aliikuta akaisoma, kwa hiyo sasa tunajua watatu, na Mwanahalima wa nne.

Ni kweli. Mimi ndiye niliyepiga teke. Sikukusudia kumuunguza mtu. Nilikuwa na hasira na wewe, baba. Wenzangu walikuwa wananicheka kwamba baba yangu anatulisha wadudu na mimi nakula, na ulipofanya mzaha wa nyama ya bure mbele ya Anyosisye, mguu ukaenda wenyewe.

Jioni walipoita jina lake paredi, nilisubiri aseme langu. Alikuwa amesimama karibu yangu, bega kwa bega. Alinitazama tu. Akaenda bwenini, akatoka na lile tranka. Sikumsaidia hata kulibeba mpaka getini. Wiki tatu baadaye nilikaa kwenye mtihani, na dawati lake lilikuwa mbele yangu, tupu, limebandikwa namba.

Nimezuia kitabu. Nimeandika ukurasa mpya kwa jina langu. Nimewaambia kamati. Ezron hasemi na mimi, Hellen alilia kwenye simu. Nimempigia Anyosisye. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia anakwenda kukamua. Elina nimezungumza na shule, wanampokea Jumatatu.

Limebaki jambo moja, na hili linanipa nafuu kidogo. Nimeeleza kama ulivyonieleza, kwamba wewe ulisema ukweli na mwalimu akasikia vibaya. Kamati wanaona tarehe 20 tumwite Mwalimu Abrahamu mbele, kwa heshima, amwombe Anyosisye radhi kwa kuandikisha jina bila kuhakikisha. Wengine wamekuwa wakali, wanasema amemharibia mtu maisha kwa uzembe. Mimi nitakuwa nimebeba la kwangu, yeye la kwake. Wewe jina lako litabaki safi, baba, na hilo ndilo nililolitaka.

Ukurasa unaanza kuchapwa tarehe 12. Kama kuna la kuongeza, niandikie haraka.

Mwanao,
Anyitike


Kinyala
5 Septemba 2025

Mwanangu,

Hujambo. Mama yako hajambo. Mwandiko huu ni wangu, usishangae. Sikutaka Mwanahalima achape hili. Nimeandika siku tatu, na yale majuma mawili ya ngumbaru ndiyo yamenisaidia.

Mwalimu usimwite mbele.

Alisikia vizuri. Aliniuliza mara mbili. Amekaa chini, suruali imegandana na mguu, na bado aliuliza taratibu kama mwalimu. "Any nani, mzee? Wako wengi." Nikasema Anyosisye. Akasema, "Una hakika?" Nikasema nina hakika, nimemwona kwa macho yangu.

Wewe ulikuwa mwanangu. Yeye baba yake alikuwa ameshakufa, na mama yake asingekuja shuleni kubishana na mtu. Hayo yote niliyafikiria kabla sijafungua mdomo. Mtu asiyesoma nikafikiria haraka hivyo.

Jumamosi alikuja. Nilimwambia mwenyewe, tumesimama hapa mlangoni. Nilimwambia yote. Akamimina maziwa kwenye kijungu chetu, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akafunga chupa. Akasema, "Miaka ishirini nakuletea maziwa, Tata, nikidhani wewe peke yako ndiye uliyejaribu kunitetea, kama ulivyoniambia." Akaondoka. Kesho ni Jumamosi. Mama yako ameosha kijungu amekiweka dirishani, hajui kitu.

Andika jina lako, halafu chini yake andika langu, kubwa kama hilo. Tarehe 20 nitakuja. Nitakaa mahali ambapo Elina ataniona.

Hadithi yangu uichape yote. Makande yalitembea, hilo nakuapia. Wadudu walikuwepo. Uzi wa gunia ulikuwepo. Kitu kimoja tu nilikitia mimi, baadaye, watu walipoanza kuniomba niwasimulie, na nimekisema miaka mingi mpaka ulimi ukawa unaungua kweli.

Yale maharage. Siku ile mdomoni sikuwa na kitu.

Baba yako,
Ambindwile