Upande Wangu wa Wimbo

Mke wangu Veronika,

Marahaba. Salamu zako zimenifikia hapa Kamanga, bado nabeba mizigo kivukoni. Bibi yako yuko nyumbani Musoma, anauliza mke mwenzake atarudi lini.

Unasema Wakajuni, wenyeji wako wa huko Luiziana, Marekani, walichapwa shuleni kwa kusema Kifaransa chao, na leo wanakifanyia sikukuu, wazee na watoto wakiimba pamoja. Unaomba wimbo wetu wa makasia nawe ukawaimbie.

Ujanani nilipiga kasia katika mtumbwi wa mjomba Magesa, tukivusha mihogo. Yeye alianzisha wimbo, sisi tukaitikia. Siku moja nikajaribu kuanzisha. Akanigeukia: "We Bwire, mtumbwi umenunua lini? Itikia. Kuanzisha nitawaachia wanangu." Wenzangu wakacheka. Nikaitikia mpaka zilipokuja injini, na wimbo ukakosa kazi.

Mjomba alikufa na maneno yake ya kuanzisha wimbo. Wanawe wako Dar, hata kusalimia kwa Kijita, lugha yetu, hawawezi. Watu wakisifu wazee waliotunza mila, mimi namkumbuka yeye, na moyo unakataa.

Kwa hiyo ninacho kiitikio tu. Nimekuimbia kwenye simu ya mpakizi mwenzangu, naye atakutumia. Utasikia kimya kirefu, halafu mimi, halafu kimya tena. Usikikate kimya hicho ukiwasikilizisha wenyeji wako. Hapo ndipo mjomba alipokuwa akiimba.

Babu yako,
Bwire