Kanga Niliyompa Zuhura

Jumatatu, 1 Juni 1987
Maji yametoka alfajiri. Nimejaza mapipa mawili kabla ya kazi. Upepo mkali, vumbi mpaka kwenye unga. Alhamisi Zuhura anatoka eda. Tangu mumewe afariki nimeingia kwake kila jioni. Mtaa mzima huu wa Kikuyu, hapa Dodoma, rafiki yangu ni yeye tu. Nitampelekea kanga mpya, avae rangi tena.

Jumatano, 3 Juni
Nimepitia dukani. Kanga zimejaa hadi darini, sijazoea. Nimeona doti ya kijani, nimeivuta, nimelipa, nimetoka mbio. Mwenye duka kanicheka: "Mama, polepole, siku hizi hakuna foleni." Kweli. Miaka ile ya duka la ushirika ulichukua ulichopewa ukashukuru Mungu.

Alhamisi, 4 Juni
Nimeharibu. Chumba kimejaa wanawake. Wifi yake kaikunjua kanga yangu, kasoma maandishi kwa sauti. Maneno ya kumcheka mwanamke aliyebaki bila mume. Sitayaandika hapa. Sikuyasoma! Mtu mzima, nimelelewa kwenye kanga, nikanunua rangi. Zuhura kaikunja taratibu.
"Ahsante, mwenzangu. Ujumbe umefika."

Ijumaa, 5 Juni
Nimekwenda. Wifi mlangoni: amelala. Saa nne asubuhi.

Jumapili, 7 Juni
Leo kanipokea mwenyewe. Kanipa kiti kile cha wageni. Mimi, niliyezoea kukaa naye mkekani. Nimeapa kwamba sikusoma.
"Nani anayempelekea mtu kanga bila kusoma?" kaniuliza.
Nani kweli? Ningekuwa yeye nisingeamini. Keshokutwa anahamia Tabora kwa kaka zake. Nimeambiwa na wifi, si yeye. Nimelia njia nzima, watu wananitazama. Watazame.

Jumanne, 9 Juni
Stesheni. Nimepita dirisha kwa dirisha nikimwita. Kaniona. Kaniinamishia kichwa kidogo, kama unavyomsalimu karani wa ofisini, akaendelea kupanga mizigo. Miaka kumi na mmoja ya urafiki. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

Jumamosi, 20 Juni
Nyumba ya Zuhura imepata mpangaji. Mama wa makamo, mcheshi. Kaja kuomba chumvi, nimempa. Akasimama kidogo mlangoni, anasubiri kukaribishwa. Nimemwambia nina kazi.
Sikuwa na kazi yoyote.