Chandarua cha Kabichi

Jumanne usiku, Aprili

Eti jenereta moja haliharibu hali ya hewa ya dunia. Hadi sasa maneno hayo yananichemsha.

Asubuhi nilimpima mama mkwe pale zahanati yetu ya Chanji, nikakuta malaria. Hajashuka bondeni Muze mwaka wa pili sasa. Siku zote husema mbu wenye homa ni wa kule bondeni, huku juu baridi inawaua. Chandarua nilichompa alifunikia miche ya kabichi.

Mchana tukawa na kikao cha umeme wa jokofu la chanjo. Mganga mfawidhi anataka jenereta la dizeli. Nikasema tuombe sola, maana moshi wa mafuta unaongeza joto, na joto ndilo linalompandisha mbu huku kwetu.

Akacheka. "Sista, jenereta moja la Chanji ndilo lililomleta mbu?"

"Moja halikumleta, daktari. Wamemleta wote wanaosema la kwao ni moja tu."

Kikao kikaahirishwa. Najua wataninunia. Ninachoogopa zaidi ni masika yajayo, na watoto wa huku ambao miili yao haijaizoea homa hii.

Jioni nimemkuta mama mkwe bustanini, anatetemeka, anafunua kabichi zake.

"Mama, pumzika basi."

"Niache, mama Neema. Mimi nimezaliwa huku juu. Kumbe siku hizi na mbu naye anazaliwa huku huku."

Nimekikung'uta udongo chandarua, nikakifunga juu ya kitanda chake.

Akipona, kikao kijacho nakwenda naye. Atakaa mbele, na mganga amchekee yeye.